Nilipokuwa Miguu ya Baba

Mwezi uliopita nilikwenda kupima sukari. Kijana wa maabara alinichoma kidole, akagusisha tone la damu kwenye kikaratasi, na kabla sijajua pamba niiweke wapi, kimashine kilikuwa kimeshatoa jibu. "Uko vizuri, mama," akasema, huku akiita jina la anayefuata. Nilitoka nikasimama barazani, sina haraka ya kuondoka. Nilihisi kama kipimo hakijaisha. Nilikuwa bado nasubiri harufu.

Ninyi wenzangu mliokua na mgonjwa wa sukari nyumbani zamani zile mnaijua: harufu ya taa ya spiriti, na mkojo uliochanganywa na dawa ya bluu ukichemka ndani ya kichupa chembamba cha kioo. Mimi niliijua nikiwa na miaka minane, na kwa muda mrefu niliipenda, kwa sababu nilikuwa siielewi.

Baba alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha nguo. Tulikaa Igogo, juu kwenye mawe, katika nyumba ambayo ukifungua dirisha la nyuma unakutana na jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe, na ukifungua mlango wa mbele unaliona ziwa. Jioni baba alirudi na vumbi la pamba kwenye nyusi, akizungumza kwa sauti kubwa kama bado anashindana na mashine. Kutwa nzima alikuwa akizunguka kati ya mashine hii na ile, akisikiliza ipi inalia vibaya. Mama alikuwa akisema viatu vya baba vinakufa kabla havijazeeka.

Kisha watu wazima wakaanza kutamka neno jipya: kupunguzwa. Mitumba ilikuwa imejaa kila gulio, kiwanda kilikuwa kinasuasua, na kila wiki nilisikia fulani amepunguzwa, na fulani naye amepunguzwa. Siku mama aliponiambia kwamba baba naye amepunguzwa, nilimtazama baba pale mlangoni kuanzia kichwani hadi miguuni. Nilimwona yuko vilevile, nikashangaa. Lakini baada ya miezi michache alianza kupungua kweli. Shati lilimning'inia mabegani, mkanda akautoboa tundu jipya kwa msumari, na mimi nikaamini kwamba hicho ndicho walichomfanyia kule kiwandani, ila kilichelewa tu kuonekana.

Alikaa kwenye kiti cha mbao karibu na redio tangu asubuhi hadi taarifa ya habari ya jioni. Alikunywa maji jagi baada ya jagi, na kila baada ya muda mfupi alikwenda chooni. Mama alidhani ni huzuni. Mimi niliona sisimizi wamejipanga mstari mrefu kuelekea chooni, nikamwita mama aje awaone, maana walikuwa wazuri, wamenyooka kama wanafunzi mstarini. Mama aliinama akawatazama. Kwao Kisesa aliwahi kusikia habari za sisimizi wa namna hiyo, wanaofuata mkojo wenye sukari.

Kesho yake alimpeleka baba hospitali. Kizunguzungu kilimshika njiani, na kwa kuwa siku chache nyuma alikuwa amejikwaa na mguu wake ulikuwa umefungwa kitambaa, alimalizia safari juu ya baiskeli ya jirani, ameshikiliwa pande zote mbili. Watu wengi walimwona siku ile.

Kliniki ya sukari ilikuwa Alhamisi asubuhi. Mimi nilikuwa nasoma zamu ya mchana, kwa hiyo niliongozana na baba. Nesi aliyekuwa akipima aliitwa Leokadia, mama wa Kihaya, mnene, mwenye mwendo wa haraka na sauti ya kuamrisha. Aliwasha taa ya spiriti, akashika kichupa kwa kibanio, akakitikisa polepole juu ya moto. Dawa ilikuwa ya bluu kama wino. Ikawa kijani. Ikawa njano. Halafu mbele ya macho yangu ikageuka rangi ya machungwa kabisa.

Nilipiga makofi. "Baba, imekuwa soda!"

Wagonjwa waliokaa kwenye benchi hawakucheka. Baba aliniwekea mkono kichwani, akauacha hapo. Alhamisi kadhaa baadaye bado nilikuwa nikiomba moyoni itoke ile rangi nzuri, na kila mara ilipotokea nilifurahi peke yangu.

Nesi Leokadia alimwambia, "Mzee, mambo ni matatu. Vidonge umeze. Chakula upunguze, chai bila sukari, ugali kiasi, mboga nyingi. Na utembee. Kila siku nusu saa, mwendo wa kukutoa jasho."

Baba alipomsimulia mama, alitaja mawili. La tatu alilitia mwishoni kama mzaha. "Eti nitembee. Nimetembea kiwandani miaka yote ile, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nakunywa dawa."

"Mgonjwa anatembezwa?" mama akasema. "Mgonjwa anapumzika."

Na kila aliyekuja kutujulia hali alisema hivyo hivyo. Pumzika, Baba Kabula. Usijichoshe. Walimtakia mema. Waliweka mto mgongoni mwake, wakasogeza kigoda cha kuwekea miguu, na kiti kile cha mbao kikawa kama kitanda.

Hapo ndipo na mimi nilipopata kazi. Nikawa miguu ya baba. Maji, mimi. Gazeti, mimi. Kuongeza sauti ya redio iliyokuwa hatua tatu tu kutoka alipokaa, mimi. Akikohoa, nimeshafika. Wageni walinisifu na baba alinionyesha kwao: "Huyu ndiye miguu yangu." Nilikuwa mtoto wa pekee nyumbani, na sikuwahi kusifiwa kiasi kile kwa jambo lolote. Kila nilipomwokolea hatua moja, nilijiona nimemwongezea siku moja.

Alhamisi moja dawa haikuishia kwenye rangi ya machungwa. Iliendelea mbele, ikawa nyekundu kama tofali. Nesi Leokadia alizima taa.

"Umeacha vidonge?"

"Sijaacha."

"Chai?"

"Bila sukari. Muulize binti."

"Unatembea?"

Baba alitazama dirishani. Nesi akamwambia avue kiatu. Alichukua kalamu, akageuza ule upande butu, akaubonyeza kwenye kidole gumba cha mguu. Nilikuwa nimechuchumaa karibu, nikaona nyama ya kidole ikibonyea.

"Unasikia?" nesi akauliza.

"Nasubiri," baba akajibu, macho bado dirishani. "Umeanza?"

Nesi aliirudisha kalamu mfukoni, akaketi, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya. "Nyumbani nani anakuletea maji ya kunywa?"

"Huyu hapa," baba akasema, akanivuta karibu. "Miguu yangu."

Nesi aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. "Unampenda baba yako?"

"Ndiyo."

"Basi acha kumletea."

Nililia. Nilidhani nagombezwa kwa kosa ambalo silijui. Akaniacha nilie kidogo, halafu akasema taratibu, na sasa najua kwamba alikuwa akisema na mimi ili baba asikie. "Sikiliza. Sukari imejaa kwenye damu ya baba kama mkaa uliojaa gunia. Mwili ukifanya kazi, unauchoma ule mkaa. Mwili ukikaa, gunia linazidi kujaa. Vidonge vinasaidia, lakini peke yake havitoshi. Miguu yake haijafa. Imeanza kulala tu, na wewe ndiye unayeibembeleza."

Kabla hatujafika nyumbani nilikuwa nimekwisha kuamua.

Jioni ile mama alikuwa jikoni anasonga ugali. Baba alikuwa kwenye kiti chake. "Kabula, niletee maji."

Sikuinuka.

"Kabula. Hunisikii?"

"Nakusikia, baba. Yafuate mwenyewe."

Mwenzangu, wewe uliyelelewa zamani zile, unajua nilichokuwa nimekifanya. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, ugali ukidondoka sakafuni. "Umesema nini wewe?" Nilikimbilia kwenye mwimo wa mlango nikaukumbatia kwa mikono miwili. "Nikimletea atakufa!" nilipiga kelele. "Nesi kasema! Mimi ndiye ninayemuua!"

Mama alibaki ameuinua ule mwiko. Redio iliendelea kutangaza bei ya pamba. Baba alishika mikono ya kiti, akajiinua, akasimama kwanza bila kwenda popote, kama mtu anayejaribu daraja. Kisha alikwenda mpaka kwenye mtungi, akachota, akanywa akiwa amesimama, akachota tena.

"Mama Kabula, muache mtoto," akasema. "Viatu vyangu vya kazini viko wapi?"

Ilibaki aibu. Mtaani kwetu mwanamume mzima anayetembea bila kwenda popote alikuwa ama amerukwa na akili, ama hana kazi, na baba hakutaka kuonekana yeyote kati ya hao. Kwa hiyo alibeba dumu tupu. Alfajiri, kabla ya jua, tulishuka kwenye mawe kuelekea ziwani, yeye na dumu lake, mimi nyuma yake, ili atakayetuona aseme wanafuata maji. Dumu liligonga goti lake na kulia kama ngoma kila hatua. Siku ya kwanza alipumzika mara tatu kabla ya kufika chini. Pale ufukweni magugumaji yalikuwa yamefunika maji kama shamba, yana maua ya zambarau. Dagaa walikuwa wameanikwa kwenye mchanga, na upepo ukigeuka ulituletea harufu ya mapanki, yale mabaki ya samaki, kutoka kwenye viwanda vya sangara. Tulichota maji nusu dumu, maana zaidi ya hapo asingeweza kupanda nayo.

Mfukoni alibeba pipi moja. Nesi alikuwa amemwambia kwamba akianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi, ndiyo sukari imeshuka mno, aimung'unye upesi. Sikuelewa kabisa. Mgonjwa wa sukari anabeba pipi? Niliilinda ile pipi kuliko nilivyowahi kulinda kitu chochote, nikiitamani na kuiogopa.

Wiki ya pili tulikutana na Nesi Leokadia mwenyewe. Alikuwa akiishi upande wa pili wa mawe, na alikwenda kazini kwa miguu akipita njia ile ya chini. Alitupita, akasimama, akageuka. "Mwendo huo ni wa kwenda msibani, mzee. Nifuate." Tukamfuata. Kuanzia hapo kila asubuhi tulimsubiri kwenye mkuyu, na baba akawa anajitahidi aende naye sambamba hadi njia panda, akihema, shati limemgandia mgongoni. Mimi nilikimbia mbio ndogo ndogo pembeni yao. Nilikuwa na furaha isiyo na kifani, na furaha ya mtoto haikai mdomoni.

Mama Zuhura, jirani yetu, alikuwa akikaanga vitumbua barazani kwake. Asubuhi moja tulipokuwa tumerudi, aliniuliza, "Kabula, baba yako kila siku namwona na dumu. Bomba lenu limeharibika?"

"Hapana," nikajibu kwa maringo. "Baba anatembea na nesi."

Kijiti chake cha kugeuzia vitumbua kilisimama hewani. "Na nesi?"

"Ndiyo. Kila siku. Mpaka anatoka jasho."

Alinipa kitumbua cha bure, akainama karibu yangu. "Na mama yako anajua?"

"Hajui. Tunaondoka yeye bado amelala."

Niliondoka nikila kitumbua changu, nimeridhika kwamba nimemtangazia baba sifa. Sikujua neno hilo linageuka kuwa nini likitua kwenye masikio ya mtu mzima.

Siku ya tatu yake tulikuwa ufukweni, nesi mbele na gauni lake jeupe, baba kando yake, mimi nyuma, jicho kwenye mfuko wenye pipi. Mara mama akajitokeza nyuma ya jiwe, kitenge kimemfunika hadi kwenye nyusi, kandambili moja mkononi kwa sababu imekatika.

"Baba Kabula! Ndilo dumu lenyewe hili?"

Baba aliduwaa. "Mama Kabula, kuna nini? Nyumbani kuna msiba?"

"Msiba ndio huu ninaouona! Mtaa mzima unajua, mimi ndiye wa mwisho. Unatembea na nesi!"

Nesi Leokadia alimtazama mama, akamtazama baba, kisha macho yake yakashuka hadi kwangu, ambaye nilikuwa nimeanza kujificha nyuma ya dumu. Akacheka. Alicheka mpaka akashika magoti, na kofia yake ya kazini ikaanguka kwenye mchanga. "Natembea naye, ni kweli," akasema alipopata pumzi. "Natembea naye kwa miguu, mama, miguu hii yenye magaga. Ukitaka nimrudishe, mchukue. Lakini utalazimika kutembea naye wewe."

Mama alitaka kuendelea kukasirika, nilimwona akiitafuta hasira yake, lakini pumzi ilikuwa imemwishia.

"Na unahema hivyo kwa mteremko?" nesi akamwuliza kwa upole. "Ukipanda itakuwaje? Njoo, twende wote."

Baba ndiye aliyeichukua ile kandambili iliyokatika, akaifunga kwa uzi wa nyavu aliouokota ufukweni, akamvalisha mama mguuni, pale pale mbele ya wanawake waliokuwa wakifua. Sikuwahi kumwona akifanya jambo la namna ile. Mama alitazama pembeni, ziwani, akijaribu kutotabasamu.

Basi tukawa wanne. Mama alikuja na kitenge chake, akaacha kuamini kwamba mgonjwa ni wa kukaa. Mwezi mwingine akajiunga mzee mmoja wa kliniki aliyekuwa akishona viatu sokoni, na mkewe. Siku moja tuliondoka, tukafika kwenye mkuyu, ndipo baba akagundua kwamba amesahau dumu. Alisimama, akatazama njia tuliyotoka. "Liache," akasema. Watu walitusalimia, wakatuuliza tunakwenda wapi, na baba akawajibu, "Hatuendi popote, tunafanya dawa." Akisimama kupumzika aliwaeleza habari za mkaa na gunia, akiongeza mengine ya kwake kutoka kwenye mashine za kiwandani: namna mashine inayokaa bila kuzunguka inavyoshika kutu.

Rangi zilirudi nyuma taratibu. Tofali likawa chungwa, chungwa likawa njano, njano ikawa kijani. Wakati huo nilikuwa nimekwishajifunza kuzisoma. Alhamisi ambayo dawa ilichemka na kubaki bluu, mimi sikupiga makofi, niliogopa kwamba nikipumua itabadilika. Baba ndiye aliyepiga. Nesi Leokadia alikitazama kichupa, akasema bila hata kutabasamu, "Vidonge usiache. Na miguu usiache."

Kilichobaki ni cha likizo ya Desemba. Mama yake baba aliishi ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu kutoka gati la Kamanga. Tangu baba augue hatukuwa tumekwenda, na barua ni kama hazikufika. Tulivuka na kivuko cha asubuhi, sisi watatu. Kule Kamanga vijana wenye baiskeli walitukimbilia, na mama akasema angalau baba apande. Baba alikataa. Tulishika njia kati ya mihogo na mashamba ya pamba iliyoanza kuota, vumbi jekundu likitupanda hadi magotini. Baba alitangulia. Kuna wakati nilikuwa mimi ninayemwita atusubiri.

Bibi alikuwa amekaa nje ya nyumba, ungo mapajani, anachambua choroko. Alituona kwa mbali. Hakuinuka. Tulikaribia, na bado alikuwa amekaza macho, si kwenye uso wa baba bali chini.

"Mwadila, mayu," baba akamsalimia mama yake kwa Kisukuma.

Bibi hakuitikia. "Masanja, simama hapo hapo."

Baba akasimama.

"Inua mguu."

Baba alimtazama mama, halafu akainua mguu wa kulia.

"Huo mwingine."

Akainua wa kushoto. Ungo ulimponyoka bibi, choroko zikamwagika uwanjani, na kuku wakazikimbilia. Alimkumbatia baba miguuni, si kifuani, akalia kwa Kisukuma maneno ambayo hakuna aliyenitafsiria. Alipotulia, alituambia. Mtu wa pale kijijini alikuwa mjini siku ile baba alipopelekwa hospitali juu ya baiskeli na mguu wake umefungwa. Akarudi na habari kwamba Masanja amekatwa mguu. Miezi yote hiyo bibi alikuwa akimlilia mwanawe wa mguu mmoja.

"Kalibuni," akasema, akakumbuka ugeni wetu. Kisha akaingia ndani, akatoka na magongo mawili.

Yalikuwa mapya, ya mninga, yamepigwa msasa mpaka yanang'aa. Fundi seremala wa kijijini ndiye aliyeyachonga. Juu, pale pa kwapani, bibi mwenyewe alikuwa ameshonea vitambaa vya kanga na kuvijaza pamba. "Nilikuwa natafuta mtu wa kukuletea," akasema.

Baba aliyachukua. Alipitisha mkono juu ya ile pamba, kisha akayaweka kwapani, kulia na kushoto, akasimama nayo. Yalimkaa sawasawa kabisa. Bibi alikuwa amempimia kwa kumbukumbu tu, na hakukosea hata kidole kimoja. Baba alisimama nayo muda mrefu kuliko tulivyotarajia, na mama akageukia pembeni akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Tuyapeleke hospitali," baba akasema mwishowe. "Yupo atakayeyahitaji, mayu."

"Huyo naye ana mama yake," bibi akajibu. "Haya ni yako, na wewe huyataki." Akayachukua, akaenda nyuma ya nyumba, na tukasikia shoka.

Alimchinja jogoo mkubwa kuliko wote waliokuwa wakila choroko zetu. Mimi ndiye niliyeingiza vipande vya magongo yale mafigani, kimoja kimoja, pamoja na vitambaa vyake. Vilichelewa kushika, maana mninga ni mgumu. Lakini vilipokwisha kushika viliwaka vizuri, bila moshi, na kuku akaiva kabla jua halijazama.